Uso Ukipooza Upande Mmoja: Mchango wa Baridi, Vumbi na Moshi, na la Kufanya Ndani ya Saa 72

Mtu akiamka mdomo umekwenda upande na jicho moja limegoma kufumba, hukumu hutolewa hata kabla ya chai. Mmoja atasema kapigwa na upepo, si alilala feni imemwelekea? Mwingine atasema jini kamzaba kibao. Wa tatu atanong'ona kwamba ni kiharusi. Wa kwanza ana chembe ya ukweli. Wa tatu anaogopa kitu kinachostahili kuogopwa. Wa pili ndiye mwenye hasara kubwa, kwa sababu wakati mgonjwa anatafutiwa mganga wa kumtoa jini, saa za kumtibu zinakwisha.

Mwongozo huu unahusu kupooza uso kunakotokea ghafla upande mmoja bila chanzo kingine kuonekana, hali ambayo hospitalini utasikia ikiitwa Bell's palsy, kwa jina la Charles Bell, daktari wa Scotland aliyeuelezea mshipa wa fahamu wa uso mwaka 1821. Ugonjwa wenyewe ni mkongwe kuliko yeye. Abu Bakr al-Razi aliuandika karne nyingi kabla yake. Niseme msimamo wangu mapema: baridi, hewa kavu na hewa chafu huongeza uwezekano wa kuupata, lakini kwa kiasi kidogo. Vipunguze pale unapoweza. Nguvu zako kubwa ziweke kwenye kuzijua dalili, kuwahi hospitali na kulinda jicho.

Elewa kwanza kinachopooza

Kila upande wa uso una mshipa wake wa fahamu, wa saba katika jozi 12 zinazotoka kwenye ubongo. Ukitoka huko unapita ndani ya mfupa ulio nyuma ya sikio, katika mfereji ambao sehemu yake nyembamba kabisa haifiki milimita moja. Hapo ndipo balaa linapoanzia. Mshipa ukivimba hauna pa kutanukia, unajibana wenyewe, damu haipiti vizuri, na amri za kucheka, kufumba macho au kukunja ndita hazifiki usoni.

Mshipa huohuo hubeba ladha ya sehemu ya mbele ya ulimi, huamuru machozi, na huendesha kimsuli kidogo ndani ya sikio kinachopunguza makali ya sauti. Kwa hiyo mgonjwa akikuambia chai haina ladha na sahani zikigongana jikoni anaumia sikio, hajadata. Ni mshipa mmoja.

Kinachouvimbisha, kwa jinsi wataalamu wengi wanavyoona, ni kirusi cha herpes simplex aina ya 1, kilekile cha malengelenge ya mdomoni. Wengi wetu tunacho tangu utotoni, kimelala. Mwaka 1996 watafiti wa Japani walikuta vinasaba vyake kwenye majimaji ya mshipa wa uso wa wagonjwa 11 kati ya 14 waliowapima. Kirusi kikiamka, mwili unapambana nacho na mshipa unavimba. Swali la maana basi ni hili: nini kinakiamsha?

Hali ya hewa ina mchango kiasi gani

Ushahidi ninaouheshimu zaidi ulitoka jeshi la Marekani. Kati ya Oktoba 1997 na Septemba 1999 zilihesabiwa kesi 1,181 kwa wanajeshi waliotawanyika kwenye kambi za hali ya hewa tofauti. Waliokaa maeneo makavu waliugua karibu theluthi moja zaidi ya wengine, na miezi ya baridi nayo ikawa na ongezeko la kiasi hichohicho. Maelezo yaliyopendekezwa ni kwamba hewa kavu hukausha na kuchubua utando wa pua na koo, virusi vinapata upenyo, au kile kilicholala kinachokozwa.

Theluthi moja inatisha mpaka uipigie hesabu. Kwa kawaida ugonjwa huu huwapata watu kati ya 15 na 30 katika kila 100,000 kwa mwaka. Ongeza theluthi kwenye 30 na unapata 40. Maana yake, katika mji wa watu laki moja, baridi kavu imeongeza wagonjwa kumi. Si jambo la kupuuza kwa hao kumi, lakini si sababu ya kulala na soksi kichwani Januari ya Dar es Salaam. Tena zipo tafiti nyingine ambazo hazikuona tofauti yoyote ya misimu.

Neno la kushika ni ukavu. Baridi ya Njombe au Makete mwezi wa Julai, upepo mkavu wa Dodoma na Singida wakati wa kiangazi, hewa ya AC ofisini au kwenye basi la masafa marefu: vyote hivyo hukausha pua. Joto la unyevunyevu la Mombasa halikaushi, ila ukilifungia nje na kukaa saa kumi chini ya kiyoyozi, umejitengenezea jangwa lako ndani ya chumba. Ndugu zetu wa Muscat na Dubai wanalijua hili: nje vumbi, ndani baridi kavu, na mtu anaingia na kutoka siku nzima.

Hewa chafu

Hapa utafiti ni mchanga zaidi. Korea Kusini, ambako kumbukumbu za bima ya afya ya taifa zinaweza kulinganishwa na vipimo vya hewa vya kila eneo, watafiti waliangalia hewa ambayo wagonjwa walivuta kwa wiki kadhaa kabla ya kuugua. Gesi iliyojitokeza ni naitrojeni dioksaidi, ile inayotoka kwenye moshi wa magari, hasa ya dizeli, na jenereta. Huo ni uhusiano, bado si uthibitisho kwamba gesi hiyo ndiyo iliyopoozesha nyuso. Lakini unaendana na tunachokijua: moshi huwasha njia ya hewa, hufungulia mlango mafua, na huumiza mishipa midogo ya damu.

Ukisubiri ushahidi ukamilike ndipo upunguze moshi, utakuwa umechelewa kwa mambo mengine mengi. Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 lilishusha kiwango linachokishauri cha chembechembe laini, PM2.5, hadi mikrogramu 5 kwa mita moja ya ujazo kwa wastani wa mwaka, na moshi wa jiko la kuni ndani ya chumba kilichofungwa unakivuka mbali sana. Moyo na mapafu yako vitanufaika hata kama uso wako haukuwa hatarini.

Nani awe makini zaidi

Mwenye kisukari, mwenye presha, mwenye uzito mkubwa, na aliyewahi kupooza uso kabla. Mjamzito wa miezi mitatu ya mwisho, na mama katika wiki ya kwanza baada ya kujifungua. Mjamzito au mama huyo akipooza uso apimwe presha na mkojo siku hiyohiyo, maana kupooza uso wakati huo kumeonekana pia kuambatana na kifafa cha mimba. Na kwa ukanda wetu ongeza VVU: uso kupooza kwa kijana aliyeonekana mzima huweza kuwa dalili ya mapema ya maambukizi. Kipimo ni bure katika vituo vya serikali. Watu huona aibu kukitajiwa wakati wamekuja na tatizo la mdomo, nami naona daktari asiyekitaja ndiye mwenye kosa.

Kupunguza hatari: pikipiki, basi, chumba na jiko

Dereva wa bodaboda, funga kioo cha helmeti. Najua kimekwaruzika na usiku hukioni. Badilisha kioo, si kukipandisha juu. Chini yake vaa kitambaa au skafu inayofunika pua na masikio, zaidi ya yote alfajiri na kwenye miinuko. Kwa vumbi na chembechembe, barakoa ya N95 inafanya kazi kuliko leso, lakini hakuna hata moja kati ya hizo inayochuja gesi, kwa hiyo kwenye foleni usijipange nyuma ya bomba la moshi la lori kama kuna nafasi pembeni.

Abiria wa basi la usiku, usilale shavu limeegemea kwenye dirisha lililo wazi. Geuza tundu la AC lisikuelekee usoni. Likiwa bovu, jifunike khanga au shuka. Kunywa maji njiani hata kama unaogopa kuomba basi lisimame.

Chumbani feni iangalie ukuta au miguu, na AC iwe kwenye nyuzi 24 hadi 26 badala ya 16. Kichujio cha AC kioshwe. Nyumba nyingi hazijawahi kukifungua tangu fundi aondoke.

Jikoni ndiko kwenye faida kubwa. Kuni na mkaa vipikiwe nje au kwenye banda lenye upenyo juu, kuni ziwe kavu, na jiko la mkaa lisiingizwe ndani kamwe kupasha chumba joto, kwa sababu gesi ya kaboni monoksaidi inaua kabla hujafikiria uso. Ukiweza kuhamia gesi, hamia. Tanzania imejiwekea lengo la asilimia 80 ya watu kutumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, na kwa upande wa moshi tofauti ni kubwa mno. Ila gesi nayo hutoa ile naitrojeni dioksaidi kwa kiasi chake, jambo ambalo wauza mitungi hawakuambii. Kwa hiyo dirisha liwe wazi hata ukipikia gesi. Jiko la umeme halina shida hiyo. Jenereta ikae mbali na dirisha, na taka za plastiki zisichomwe uani.

Dalili za mwanzo, na kipimo cha kipaji cha uso

Mara nyingi mwili hutoa taarifa siku moja au mbili kabla: maumivu nyuma ya sikio, ladha kupotea, jicho kutoa machozi ovyo au kukauka, sauti kuwa kali sikio moja. Kisha asubuhi unasukutua na maji yanachuruzika pembeni mwa mdomo. Kupooza huzidi kwa saa kadhaa mpaka siku tatu, halafu kunasimama.

Sasa pima. Mgonjwa akae mbele yako, atazame dari bila kuinua kichwa, ainue nyusi. Tazama kipaji. Kama upande wenye mdomo ulioanguka hauna mkunjo hata mmoja, umelainika kabisa, tatizo huenda liko kwenye mshipa wenyewe. Kama kipaji kinakunjamana pande zote mbili lakini mdomo umeanguka, tatizo liko ubongoni: hicho ni kiharusi mpaka kithibitishwe vingine. Halafu mwambie afumbe macho kwa nguvu. Jicho la upande uliopooza litabaki wazi na utaona mboni ikipanda juu, weupe tu ukibaki. Familia huogopa sana wakiona hivyo. Ni kawaida ya macho ya watu wengi yakifumba. Kwa asiyepooza, kope hulificha jambo hilo.

Kipimo hiki kisikufanye daktari. Kama mkono au mguu umelegea, maneno hayaeleweki, anaona vitu viwiliviwili, anayumba, au kichwa kimeuma ghafla kupita kawaida, acha kipaji na mkimbize hospitali kubwa sasa hivi. Na hata kama kipaji kimekuambia ni mshipa, kituo cha afya ni leo, si Jumatatu.

Saa 72

Dawa yenye ushahidi ni prednisolone, ya jamii ya steroidi, dawa zinazopunguza uvimbe. Utafiti wa Scotland uliochapishwa mwaka 2007 uliwaanzishia wagonjwa ndani ya saa 72. Baada ya miezi mitatu, asilimia 83 ya waliopewa walikuwa wamepona kabisa, dhidi ya asilimia 63.6 ya wasiopewa. Baada ya miezi tisa ikawa 94.4 dhidi ya 81.6. Acyclovir, dawa ya kirusi, haikuongeza kitu ilipopimwa kwenye utafiti huohuo. Madaktari wengine huiongeza pamoja na steroidi, na hilo si kosa; kosa ni kupewa acyclovir peke yake ukaambiwa umetibiwa.

Kwenye utafiti huo dozi ilikuwa miligramu 50 kwa siku kwa siku kumi. Vidonge vingi vinavyopatikana kwetu ni vya miligramu 5, kwa hiyo mgonjwa anajikuta anamiminiwa vidonge kumi kiganjani na kudhani mfamasia amekosea, akaamua kumeza viwili. Usipunguze mwenyewe, na usijinunulie mwenyewe. Muulize aliyekuandikia. Mwambie kama una kisukari, kwa sababu sukari itapanda na itabidi ipimwe mara kwa mara. Mwambie pia kama una vidonda vya tumbo, TB, presha au ujauzito. Meza asubuhi baada ya kula. Ukimeza jioni usingizi utakuruka.

Kwa watoto dawa hii haijaonyesha faida iliyo wazi, na wengi wao hupona bila hiyo. Mwachie daktari aamue, lakini mtoto apelekwe vilevile na sikio lichunguzwe.

Ukiwa huko hakikisha sikio linaangaliwa ndani. Usaha wa sikio huweza kupoozesha uso na unatibiwa kwa njia nyingine. Malengelenge yenye maumivu makali sikioni au kwenye kaakaa ni ya kirusi cha tetekuwanga na mkanda wa jeshi. Hapo dawa ya kirusi inahitajika kwa haraka. Ganzi kwenye mabaka ya ngozi iseme, ukoma bado upo na huzipenda neva za uso. Picha za CT au MRI kwa kawaida hazihitajiki siku ya kwanza kama kila kitu kinaonyesha ni mshipa, kwa hiyo usiuze mbuzi kwa ajili yake kabla hujaambiwa sababu.

Jicho

Uso unaweza kusubiri miezi. Jicho lisilofumba linaweza kuharibika ndani ya siku chache, na kovu kwenye kioo cha jicho halifutiki. Kama kuna sehemu moja ya mwongozo huu ya kumsomea mgonjwa kwa sauti, ni hii.

Mchana tumia matone ya machozi ya bandia kila saa moja au mbili, bila kungoja jicho liwashe. Vaa miwani, hata ya jua, kila utokapo. Kwenye pikipiki au barabara ya vumbi ni lazima. Kaa mbali na moshi wa jiko, mwingine apike. Kila unapokumbuka, fumba kope kwa mgongo wa kidole, hesabu mpaka tatu, achia.

Usiku fanya hivi:

1. Nawa mikono kwa sabuni, kausha.
2. Vuta kope la chini kidogo, weka uzi mwembamba wa marhamu ya macho, wa urefu kama punje ya mchele. Utaona ukungu, ndiyo maana marhamu ni ya usiku.
3. Angalia chini, kisha mwenzako ashushe kope la juu taratibu kwa kidole mpaka jicho lifumbe kabisa.
4. Akiwa bado amelishikilia, bandika plasta ya karatasi kutoka kwenye kope la juu kushuka shavuni. Plasta ya kitambaa huchubua ngozi asubuhi.
5. Usiweke pamba au bandeji juu ya jicho kabla halijafungwa hivyo. Likifunguka chini ya pamba, pamba italisugua usiku kucha.

Jicho likiwa jekundu, likiuma, likiogopa mwanga au likiona ukungu usioisha, nenda kliniki ya macho siku hiyohiyo. Maziwa ya mama, majani ya chai na ile chupa ya matone iliyobaki kabatini visikaribie jicho.

Kula, mazoezi, na mambo ya kuacha

Chakula hukwama kati ya shavu na fizi kwa sababu shavu haliwezi kukisukuma. Tafuna upande usiopooza, sukutua kila baada ya kula, na mwishoni pitisha kidole au mswaki pembeni. Uji kwenye kikombe chenye mdomo mpana humwagika. Kijiko ni bora, na mrija si rahisi kama unavyodhani kwa sababu midomo haibani.

Wiki za kwanza usiulazimishe uso. Ukandaji wa taratibu kwa vidole, kutoka kidevuni kuelekea sikioni, unatosha. Misuli ikianza kuitika, simama mbele ya kioo: inua nyusi kidogo, tabasamu kidogo, sema «u» na «i», dakika chache asubuhi na jioni. Kidogo ndiyo siri yake. Anayekunja uso kwa nguvu zote na kutafuna bazoka kutwa anaufundisha mshipa unaoota upya kuunganisha misuli isiyohusiana, na baadaye kila akicheka jicho linafumba lenyewe. Mashine za kusisimua misuli kwa umeme sizishauri, hasa mwanzoni.

Acha kuchanjwa chale, acha kukandwa maji ya moto yanayochoma, acha kuzabwa kofi upande wa pili ili uso urudi. Hilo la kofi bado linafanywa. Dua na maombi havigombani na prednisolone. Fanya vyote, ila dawa ianze ndani ya siku tatu.

Kupona, na wakati wa kurudi hospitali

Daktari mmoja wa Copenhagen alifuatilia wagonjwa 1,701 kwa muda wa miaka 25, bila kuwapa dawa. Asilimia 71 walirudi sawasawa kabisa. Wengi, asilimia 85, walianza kuona dalili za kupona ndani ya wiki tatu. Waliobaki ilichukua miezi mitatu hadi mitano. Kwa hiyo wiki ya pili bila mabadiliko si mwisho wa dunia. Ladha mara nyingi hutangulia kurudi.

Rudi mapema kama kupooza kunaendelea kuongezeka baada ya wiki, kama upande wa pili nao umeanza, kama kuna uvimbe mbele ya sikio, au kama usikivu umeshuka. Ikifika miezi mitatu bado hujapona, omba rufaa kwa daktari wa masikio, pua na koo au wa mishipa ya fahamu, pamoja na mtaalamu wa viungo anayejua uso. Zipo tiba za kusaidia jicho kufumba na kulegeza misuli iliyokaza, hata baada ya mwaka.

Wachache hupatwa mara ya pili, wakati mwingine miaka mingi baadaye. Ikitokea, saa 72 zinahesabiwa upya, na kama ni upande uleule wa mwanzo, hapo ndipo picha ya MRI inapofaa kuulizwa.